Joseph Priestley

Joseph Priestley (13 Machi 1733 – 6 Februari 1804) alikuwa mchungaji, mwalimu na mwanakemia kutoka Uingereza. Anajulikana zaidi kwa ugunduzi wa oksijeni mwaka 1774, lakini miaka michache kabla ya hapo alieleza namna ya kutia gesi ya dioksidi ya kaboni ndani ya maji ya kunywa. Soda na maji yenye gesi yanayouzwa leo duniani kote yametokana na maji hayo. Tangu wakati wa uhai wake liliulizwa pia swali ambalo viwanda vya vinywaji vinaendelea kuliuliza kila siku: pamoja na gesi inayotakiwa, ni kitu gani kingine kinachoingia ndani ya glasi?

Maisha ya awali

Priestley alizaliwa Birstall karibu na mji wa Leeds, katika Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Tarehe 13 Machi ni ya kalenda ya zamani iliyotumika Uingereza wakati huo. Kwa kalenda ya sasa ni 24 Machi. Baba yake, Jonas Priestley, alifanya kazi ya kumalizia vitambaa vya sufu. Joseph alikuwa mtoto wa kwanza kati ya sita. Mama yake alifariki Joseph akiwa na umri wa miaka sita hivi, na baadaye alilelewa na shangazi yake, Sarah Keighley, aliyekuwa na mali lakini hakuwa na watoto.

Familia yake ilikuwa miongoni mwa Wakristo waliojitenga na Kanisa la Anglikana. Kwa sheria za wakati huo watu hao hawakuweza kupata shahada katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, wala kushika nyadhifa nyingi za serikali. Nyumba ya shangazi ilikuwa wazi kwa wachungaji wa kila msimamo, na kijana alikua akisikiliza mabishano yao. Alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, kisha akajiongezea lugha nyingine peke yake. Alipougua sana katika ujana wake alianza kutilia shaka baadhi ya mafundisho ya Kikalvini aliyolelewa nayo. Wazee wa kanisa walikataa kumpokea kama mshiriki kamili kwa sababu hakuweza kusema kwamba anatubu dhambi ya Adamu. Alikuwa pia na kigugumizi, ambacho hakikumwacha maisha yake yote ingawa kazi yake ilikuwa kuhubiri na kufundisha.

Mwaka 1752 aliingia chuo cha Daventry, kimojawapo cha vyuo vilivyoanzishwa na Wakristo hao waliojitenga. Mwaka 1755 alianza uchungaji Needham Market, ambako waumini walipungua walipofahamu mawazo yake. Mwaka 1758 alihamia Nantwich, akafungua shule na kuinunulia pampu ya hewa na mashine ya umeme. Kuanzia 1761 alifundisha lugha katika chuo cha Warrington. Tarehe 23 Juni 1762 alimwoa Mary Wilkinson, dada wa John Wilkinson aliyekuwa mwenye viwanda vya chuma.

Alipotembelea London alifahamiana na Benjamin Franklin, naye akamtia moyo aandike historia ya umeme. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1767. Mwaka mmoja kabla yake Priestley alikuwa amechaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Jirani na kiwanda cha bia

Mwaka 1767 Priestley aliitwa kuwa mchungaji wa kanisa la Mill Hill mjini Leeds. Nyumba aliyopewa kwanza ilikuwa karibu na kiwanda cha bia, na hapo ndipo alipoanza kushughulika na gesi. Hakuwa amesomea kemia kwa utaratibu wowote. Alikuwa na udadisi, na kwa jirani yake gesi ilipatikana bure kila siku.

Ilijulikana tayari kwamba bia inapochachuka hutoa hewa ya aina ya pekee. Joseph Black wa Uskoti alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1750 kwamba hewa hiyohiyo imo ndani ya chokaa na magadi, na kwamba inatoka ikitiwa asidi. Kwa kuwa ilionekana kama imefungwa ndani ya mawe, iliitwa hewa iliyofungwa. Leo tunaiita dioksidi ya kaboni, au CO2.

Priestley aliona kwamba juu ya bia ndani ya mapipa makubwa palikuwa daima na tabaka la hewa hiyo lenye kina cha sentimita 23 hadi 30. Mshumaa ulioshushwa ndani yake ulizimika. Moshi wa kijiti kilichozimwa ulinaswa katika tabaka hilo, nalo likaonekana kwa macho. Moshi ukafurika kwenye ukingo wa pipa na kushuka sakafuni. Kwa hiyo gesi hiyo ilikuwa nzito kuliko hewa ya kawaida, na ilitiririka kama maji. Wadudu waliowekwa ndani yake walizimia, na baadhi walizinduka walipotolewa nje.

Jambo hili halikuwa jipya kwa watengenezaji wa pombe. Mtu anayeinama ndani ya pipa au kushuka katika shimo la kuchachushia anaweza kuanguka kabla hajapiga kelele. Gesi haina rangi, na tofauti na moshi haimwonyi mtu mapema. Wasomaji wa Kiswahili wa mashariki mwa Kongo wanaifahamu hatari hiyo kwa jina la mazuku: katika mabonde madogo karibu na Goma na ziwa Kivu, dioksidi ya kaboni itokayo ardhini hutulia chini usiku na kuua mifugo na hata watu. Alichokiona Priestley juu ya pipa la bia ni kitu hichohicho kwa kipimo kidogo.

Aliweka pia bakuli za maji karibu na uso wa bia, na asubuhi maji yakawa yamechukua sehemu ya gesi. Kisha akagundua njia ya haraka zaidi: akishika vyombo viwili ndani ya tabaka la gesi na kumimina maji kutoka kimoja hadi kingine mara nyingi, baada ya dakika mbili tatu alipata maji yenye mapovu na uchachu wa kupendeza. Yalifanana na maji ya chemchemi ya Pyrmont, Ujerumani, ambayo matajiri waliyanunua kwa bei kubwa kama dawa.

Maji ya gesi bila kiwanda

Alipohama nyumba ile alipoteza chanzo chake cha gesi, hivyo ikambidi aitengeneze mwenyewe. Mwaka 1772 alikula chakula nyumbani kwa Duke wa Northumberland mjini London, ambako wageni walionjeshwa maji ya bahari yaliyokenekwa kwa matumizi ya meli. Maji yalikuwa safi lakini hayakuwa na ladha. Priestley akafikiri kwamba gesi ingeweza kuyaburudisha, na zaidi ya hapo kuwakinga mabaharia dhidi ya kiseyeye.

Mwezi Juni mwaka huo alitoa kijitabu chenye maelekezo ya kutia hewa iliyofungwa ndani ya maji, akakitoa kwa heshima ya Earl wa Sandwich aliyekuwa mkuu wa Idara ya Bahari. Njia yake ni rahisi kueleza. Chaki iliyopondwa iliwekwa ndani ya chupa pamoja na maji kidogo, kisha ikaongezwa asidi ya sulfuriki, iliyoitwa wakati ule mafuta ya vitrioli. Gesi ilitoka ikichemka, ikajaza kibofu cha mnyama kilichofungwa juu ya chupa, ikapita katika mrija wa ngozi hadi chombo kingine kilichojaa maji na kupinduliwa ndani ya beseni. Gesi ilipopanda juu ya maji, chombo kilitikiswa ili iyeyuke haraka.

Kwa njia hiyo maji yalichukua gesi ya ujazo karibu sawa na ujazo wake yenyewe. Soda ya leo huwa na mara tatu au nne ya kiasi hicho, kwa sababu hutiwa gesi kwa shinikizo kubwa na ikiwa baridi. Priestley alijua kwamba pampu ya kushindilia ingeongeza kiasi, akalitaja jambo hilo, lakini hakuliendeleza. Hakuomba hataza wala hakupata faida yoyote ya kibiashara. Aliyepata faida hiyo ni Jacob Schweppe, fundi wa vito aliyeanza kuuza maji ya gesi Geneva mwaka 1783 na kuhamia London mwaka 1792. Torbern Bergman wa Uswidi naye alikuwa ametengeneza maji ya aina hiyo karibu wakati uleule na Priestley, bila kutegemea kazi yake.

Idara ya Bahari ilikubali njia hiyo ijaribiwe katika meli Resolution na Adventure za nahodha James Cook, zilizoondoka Uingereza Julai 1772. Kuhusu kiseyeye matumaini hayo hayakuwa na msingi: ugonjwa huo unatokana na ukosefu wa vitamini C, nayo haimo katika gesi. Priestley alifuata dhana ya daktari David Macbride, aliyefundisha kwamba hewa iliyofungwa huzuia kuoza ndani ya mwili. Inafaa kukumbuka kwamba maji ya gesi yalitolewa kwanza kama dawa, na watu waliyanywa wakiamini kwamba yamethibitishwa.

Kibofu, chaki na asidi

Kifaa cha Priestley kilikuwa na hatari zake, na nyingine alizifahamu vizuri. Asidi ya sulfuriki inaunguza ngozi na macho. Gesi ikitoka kwa nguvu hubeba matone madogo ya mchanganyiko ulio chini. Ndiyo maana kibofu kiliwekwa katikati: kilikuwa ghala la gesi, nacho kilimruhusu mtu kutikisa chupa bila kumwaga asidi au tope la chaki ndani ya maji ya kunywa. Kutikisa kulikuwa lazima, kwa sababu asidi ya sulfuriki ikikutana na chaki huacha jasi, na jasi hiyo huifunika chaki na kupunguza kasi ya gesi.

Lakini kinga hiyo ilileta lawama yake. Daktari John Mervin Nooth, katika taarifa iliyochapishwa na Royal Society mwaka 1775, alidai kwamba kibofu kiliyapa maji ladha ya mkojo. Akatengeneza kifaa cha vioo vitatu vilivyopandana, chenye vali ya kioo, ambamo gesi haikugusa ngozi wala kibofu. Priestley alikataa dai hilo, akisema majaribio yake mwenyewe hayakuonyesha kitu kama hicho. Watumiaji hata hivyo walichagua kioo, na kifaa cha Nooth kilionekana katika nyumba nyingi za Waingereza kwa miongo mingi. Mwaka 1846 sehemu zake zilitumika London kuwapa wagonjwa mvuke wa etha kabla ya upasuaji.

Ugomvi huo unaweza kuonekana mdogo, hata wa kuchekesha. Hata hivyo Nooth aliuliza jambo la msingi. Gesi inaweza kuwa yenyewe haina kasoro, lakini ikachukua kitu kutoka kwenye chombo ilimopita. Mtambo wa siku hizi wa kutengeneza gesi ya vinywaji hukaguliwa kwa swali hilohilo, ila badala ya kibofu wakaguzi hutazama mafuta ya mashine za kushindilia, raba za kuzuia uvujaji na mabaki ndani ya mitungi.

Jambo ambalo wote wawili hawakuwa na njia ya kulipima lilikuwa asidi yenyewe. Wakati wao ilitengenezwa kwa kuchoma salfa ndani ya vyumba vilivyofunikwa kwa risasi. Baadaye viwanda vilianza kutumia mawe yenye chuma na salfa, ambayo mara nyingi huwa na aseniki. Uingereza ilikuja kuona matokeo yake mwaka 1900, si kupitia gesi bali kupitia sukari ya kutengenezea bia: asidi ya sulfuriki yenye aseniki ilitumika kuandaa sukari hiyo, na katika eneo la Manchester na miji ya jirani watu zaidi ya 6,000 waliugua, 70 hivi wakafa. Madaktari walidhani kwanza kwamba wagonjwa wameathiriwa na ulevi tu, kwa hiyo ilichukua muda kabla aseniki haijashukiwa.

Kupima wema wa hewa

Priestley alitumia panya kupima kama hewa inafaa kupumua. Aliwafuga kwa kazi hiyo, akawaingiza ndani ya chombo cha kioo na kuhesabu dakika. Njia hii ilikuwa na kasoro nyingi, kwani panya hawalingani kwa nguvu, naye mwenyewe hakuipenda. Mwaka 1772 alieleza kipimo kingine: alichanganya hewa inayochunguzwa na oksidi ya nitrojeni juu ya maji, kisha akaangalia ujazo umepungua kiasi gani. Kadiri hewa ilivyokuwa bora, ndivyo ilivyopungua zaidi. Kipimo hicho kilienea Ulaya na kutumiwa kuchunguza hewa ya hospitali, magereza na mitaa.

Kwa hewa iliyofungwa kulikuwa na maji ya chokaa, ambayo yakikutana nayo hugeuka meupe kama maziwa. Kipimo hiki huthibitisha kwamba CO2 ipo, lakini hakisemi kama kuna kitu kingine kilichochanganyika nayo, na hapo ndipo wakaguzi wa gesi ya vinywaji wanapoanzia kazi yao leo.

Royal Society ilimtunukia Medali ya Copley kwa kazi yake ya mwaka 1772 kuhusu aina mbalimbali za hewa. Katika taarifa hiyo alieleza pia jaribio la tawi la mnanaa: alilifungia ndani ya hewa ambamo mshumaa ulikuwa umezimika, na baada ya siku kadhaa mshumaa ukaweza kuwaka humo tena. Huo ulikuwa mwanzo wa kuelewa usanisinuru.

Calne na oksijeni

Kuanzia 1773 hadi 1780 Priestley alikuwa mtunza maktaba na mshauri wa Lord Shelburne, kwa mshahara wa pauni 250 kwa mwaka. Aliishi Calne na kufanya majaribio katika jumba la Bowood. Alikusanya gesi juu ya zebaki badala ya maji, na hivyo akaweza kuzishika gesi ambazo maji yangezimeza. Ndivyo alivyopata amonia, dioksidi ya salfa na hidrojeni kloridi zikiwa katika hali ya hewa. Alifanya kazi na zebaki kwa miaka mingi katika vyumba vya kawaida, mara nyingi akiipasha moto, bila kujua hatari ya mvuke wake kama tunavyoijua sasa.

Tarehe 1 Agosti 1774 alikusanya miale ya jua kwa lenzi kubwa juu ya oksidi nyekundu ya zebaki. Ikatoka gesi ambayo ndani yake mshumaa uliwaka kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mwezi Machi 1775 alimweka panya ndani yake, akitarajia aishi robo saa; aliishi nusu saa, akatolewa akiwa kama amekufa, kisha akazinduka karibu na moto. Priestley akavuta gesi hiyo mwenyewe, akahisi kifua chake kimekuwa chepesi.

Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alikuwa ameipata gesi hiyo mapema zaidi, ila taarifa yake ilichelewa kuchapishwa. Antoine Lavoisier, aliyesikia habari kutoka kwa Priestley mwenyewe mjini Paris mwezi Oktoba 1774, ndiye aliyeelewa maana yake na kuipa jina la oksijeni. Priestley hakukubali kamwe maelezo ya Lavoisier. Hadi kufa kwake alishikilia nadharia ya flojistoni, iliyosema kwamba kitu kinachowaka hupoteza kiini fulani. Hapa mwanasayansi huyu makini alikosea kabisa, na alikosea kwa miaka 30.

Birmingham na ghasia za 1791

Mwaka 1780 alihamia Birmingham kuwa mchungaji, akajiunga na Lunar Society pamoja na James Watt, Matthew Boulton, Erasmus Darwin na Josiah Wedgwood. Alikuwa sasa kiongozi wa Waunitariani, akikanusha fundisho la Utatu, na kitabu chake cha mwaka 1782 kuhusu upotovu wa Ukristo kilimletea maadui wengi. Aliunga mkono pia Mapinduzi ya Ufaransa.

Tarehe 14 Julai 1791 marafiki zake walifanya karamu ya kukumbuka kutekwa kwa Bastille. Priestley mwenyewe hakuhudhuria. Jioni hiyo umati ulichoma nyumba za ibada za watu wa msimamo wake, kisha ukaelekea nyumbani kwake Fairhill. Yeye na mke wake waliondoka muda mfupi kabla. Nyumba, maktaba, maandishi na maabara yake viliharibiwa. Ghasia ziliendelea kwa siku kadhaa hadi askari walipofika. Fidia aliyolipwa baadaye ilikuwa ndogo kuliko hasara aliyoidai.

Aliishi Hackney, karibu na London, kwa muda, lakini baadhi ya wanasayansi wenzake walimkwepa. Mwaka 1792 Ufaransa ilimpa uraia wa heshima, jambo ambalo halikumsaidia nchini kwake vita ilipoanza mwaka uliofuata.

Marekani

Mwezi Aprili 1794, akiwa na miaka 61, alisafiri na mke wake kwenda Marekani ambako wana wao walikuwa wametangulia. Walifika New York mwezi Juni, kisha wakahamia Northumberland, mji mdogo kando ya mto Susquehanna katika Pennsylvania. Alipewa nafasi ya kufundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania lakini akaikataa. Mwana wake Henry alifariki mwezi Desemba 1795, na Mary akafariki Septemba 1796 kabla nyumba yao mpya yenye maabara haijakamilika.

Katika maabara hiyo, mwaka 1799, alipata gesi inayowaka kwa kupasha moto mkaa pamoja na oksidi ya chuma. Alidhani imethibitisha nadharia yake ya flojistoni. William Cruickshank alionyesha Uingereza muda mfupi baadaye kwamba ni gesi tofauti, yenye kaboni na oksijeni: monoksidi ya kaboni, inayoua watu katika vyumba vyenye jiko la mkaa.

Priestley aliendelea kuandika kuhusu dini na sayansi, na Thomas Jefferson alikuwa mmoja wa marafiki zake. Asubuhi ya 6 Februari 1804 aliamuru masahihisho ya andiko lake yaandikwe, akayasikiliza yakisomwa, na baada ya muda mfupi akafariki. Alizikwa Northumberland.

Hatari za kikemia katika gesi ya vinywaji leo

Dioksidi ya kaboni ya daraja la chakula haitengenezwi tena kwa chaki na asidi viwandani. Nyingi hukusanywa pale inapotokea kama zao la ziada: katika uchachushaji wa bia na ethanoli, katika viwanda vya amonia na mbolea, au kutokana na kuchoma mafuta. Nyingine hutoka ardhini. Nchini Kenya huchimbwa Kereita katika kaunti ya Kiambu, na nchini Tanzania katika wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya.

Tathmini ya hatari huanza na chanzo, kwa sababu kila chanzo kina uchafu wake. Gesi ya uchachushaji inaweza kuwa na asetaldehidi na misombo ya salfa. Gesi ya viwanda vya mbolea inaweza kubeba amonia, benzini au monoksidi ya kaboni. Gesi iliyotokana na kuchoma mafuta huleta oksidi za nitrojeni na dioksidi ya salfa. Gesi ya ardhini yenye asili ya volkeno mara nyingi huambatana na hidrojeni sulfidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Baada ya kujua kinachoweza kuwemo, mtambo huwekewa hatua za kukiondoa, kama vile kuosha kwa maji, kupitisha katika mkaa maalumu, kukausha na kukeneka katika baridi kali. Kisha gesi hupimwa tena kabla ya kupelekwa kwa mnunuzi.

Viwango vinavyofuatwa na watengenezaji wa vinywaji vinataka usafi usiopungua asilimia 99.9. Usafi huo peke yake hautoshi, kwani sehemu ndogo iliyobaki inaweza kuwa na sumu ya kutosha kuharibu kinywaji. Benzini haitakiwi kuzidi sehemu 20 kwa kila sehemu bilioni, na monoksidi ya kaboni sehemu 10 kwa kila milioni. Misombo ya salfa huwekewa mipaka mikali pia, kwa kuwa ulimi huitambua hata ikiwa kidogo sana. Mwaka 1998 benzini iligunduliwa nchini Uingereza katika gesi iliyotoka kwenye kiwanda cha mbolea, na vinywaji vingi vikaondolewa madukani. Kiasi kilichopatikana hakikuhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa wanywaji, lakini gesi ile ilikuwa imewafikia watengenezaji kadhaa kabla mtu yeyote hajaitafuta benzini ndani yake.

Kuna jambo la kushangaza katika orodha ya vitu vinavyopimwa leo. Amonia, dioksidi ya salfa, oksidi za nitrojeni, oksijeni na monoksidi ya kaboni zote zimo, na zote zilipita katika vyombo vya Priestley. Yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuzikusanya na kuzieleza, kila moja peke yake, bila kuwaza kwamba siku moja zingetafutwa ndani ya gesi ya maji yake yenye mapovu.

Kumbukumbu

Tarehe 1 Agosti 1874, miaka 100 baada ya jaribio la oksijeni, wanakemia wa Marekani walikutana Northumberland kwenye nyumba yake. Mkutano huo ulichangia kuanzishwa kwa chama chao, American Chemical Society, mwaka 1876. Chama hicho hutoa Medali ya Priestley, tuzo yake ya juu kabisa. Nyumba ya Northumberland ni makumbusho hadi sasa, na kuna sanamu zake Leeds, Birstall na Birmingham.